Kaskazi ina herufi saba

Jumatano, 23 Oktoba 2019. Windsor, Kaunti ya Sonoma, California

Leo ukimpapasa mbwa wangu anatoa cheche. Nimezima taa ya sebuleni ili nihakikishe. Nikapitisha kiganja polepole kutoka shingoni hadi mkiani, na vimulimuli vya buluu vikafuata vidole kwa mlio kama wa karatasi inayochanwa chumba cha pili. Kaskazi akageuka kunitazama kama mtoto aliyechapwa kwa kosa la ndugu yake. Pua yake, ambayo siku zote ni baridi na mbichi kama tango, imekauka.

Wenzangu husubiri simu iwaambie kwamba imetolewa tahadhari ya bendera nyekundu, yaani hewa ya leo ni ya kuwasha moto. Mimi natazama pua ya mbwa. Ikikauka hivi mwezi wa kumi, ujue hewa imetoka Nevada.

Mambo yenyewe huenda hivi. Majira haya, ambayo kwetu Tanga watu wanangoja mvua za vuli, hewa nzito hujikusanya juu ya majangwa ya Nevada na Utah. Huku pwani hewa ni nyepesi. Basi ile nzito inashika njia kuja baharini, na njiani kuna milima. Kila ikiteremka mita 1,000 inajibana na kupata joto la nyuzi 10 hivi, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyozidi kuwa na kiu. Ikifika bondeni kwetu imekwisha kunywa maji ya majani, ya mbao za ua, ya midomo ya watu. Mvua ya mwisho ya maana ilinyesha Mei. Upepo huo unavuma kutoka kaskazini-mashariki. Huku Bay Area, eneo la ghuba ya San Francisco, wanauita Diablo, kwa jina la mlima, ila neno lenyewe kwa Kihispania ni shetani, na sijasikia mtu akilalamika kwamba umeonewa.

Kwetu upepo wa kaskazini-mashariki una jina jingine, na hilo ndilo nililompa mbwa.

Saa tano usiku. Kabla ya kulala nilitoka naye akojoe, ndipo nikaona wekundu nyuma ya milima, upande wa Geysers, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini. Moto umewaka baada ya saa tatu. Kuna kamera za milimani ambazo yeyote anaweza kuzitazama kwenye intaneti. Nimekaa kitandani nazitazama: nukta ya mwanga inakua kama koroboi inayoongezwa utambi. Wameshaupa jina, Kincade, kwa barabara iliyo karibu. Huku moto hupewa jina mapema kuliko mtoto. Haungojwi siku ya saba.

Alhamisi, 24 Oktoba

Watu wa Geyserville wamehamishwa. Sisi bado, tuko kama kilomita 20 kusini yao.

Mke wangu na mtoto wako Tanga tangu mwanzo wa mwezi kwenye harusi ya mdogo wake, kwa hiyo nimefunga mizigo peke yangu, na mwanamume akifunga mizigo peke yake anasahau vitu vya ajabu. Nilichukua pasipoti, cheti cha ndoa, dawa ya pumu, chakula cha mbwa cha wiki nzima, kadi yake ya chanjo ya kichaa. Mswaki nikaukumbuka jioni. Kanzu ya baba ilikuwa ya kwanza kuingia kwenye buti.

Nilipomaliza nikabaki nimesimama nyuma ya gari natazama kibao cha namba, kwa kuwa sikuwa na lingine la kufanya. Watu huniuliza sana habari za kibao hiki. Acha niiandike leo, kesho sijui kutakuwaje.

Kaskazi nilimchukua Desemba 2016 kutoka makazi ya wanyama wasio na wenyewe. Alikuwa na miezi minne, sikio moja limesimama na jingine limelala, ukoo wake haujulikani isipokuwa kwamba kuna wachunga kondoo ndani yake, maana alipofika nyumbani alianza kuwachunga wageni wasitoke sebuleni. Desemba ndipo kaskazi inaposhika kwetu. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi, Tanga na Pemba, na mwezi huo aliamka alfajiri akaenda kusimama barazani na singlendi yake. Akirudi ndani anasema neno moja: "Imekuja." Mama hakuuliza nini kimekuja. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na tende na samaki wakavu, na kwa sehemu ndiyo iliyotuleta sisi wenyewe. Kwa hiyo mbwa aliyeingia nyumbani Desemba, anakimbia bila breki, angeitwa nani?

Kuhusu kibao. California inaruhusu mtu aweke neno lake kwenye gari tangu 1970, na ada inaingia kwenye mfuko wa mazingira wa jimbo. Kwetu namba ya jina ni ya wenye nazo, ada yake mamilioni ya shilingi. Huku nililipa dola hamsini na kitu. Nilichokitamani kwanza ni kile kibao cha wapenda wanyama, chenye mbwa na paka waliochorwa na Pierce Brosnan, huyo huyo wa sinema za James Bond. Fedha zake husaidia kuwafunga uzazi mbwa na paka ili wasizagae. Lakini mchoro unakula nafasi, zinabaki herufi sita, na Kaskazi ina saba. Rafiki yangu mmoja akanishauri niandike KASKZI. Nikamwambia bora nibadilishe mbwa.

Nikachukua kibao cha kawaida, ambacho mwisho wake ni herufi saba, jina likaingia kama mguu kwenye kiatu cha kushonesha. Fomu ina mahali pa kueleza maana, nadhani ili mtu asipitishe tusi kwa lugha ambayo mkaguzi haijui. Niliandika: jina la mbwa wangu, kwa Kiswahili ni upepo wa kaskazini-mashariki, unaoleta wageni. Wakapitisha. Vibao vya California hufyatuliwa na wafungwa kwenye gereza la Folsom. Kuna mtu kule ndani, nisiyemjua wala hanijui, aliyeishika kaskazi ya Tanga kwa mikono miwili na hakujua ni kitu gani. Hilo huwa linanijia nikiwa kwenye foleni.

Mama amepiga simu. Yeye hajawahi kulitamka jina hilo kwa ajili ya mbwa. Nyumbani kwetu mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na mama si mtu wa kuruka hesabu. Kwake ni "huyo mnyama wako," na siku za hasira "hilo jibwa."

"Moto uko wapi?"

"Mbali, mama."

"Na huyo mnyama wako bado analala nje?"

"Gereji," nikasema, huku kidevu chake kikiwa juu ya miguu yangu, kitandani.

Ijumaa, 25 Oktoba

Upepo umetulia na kila mtu ana wasiwasi zaidi. Watabiri wanasema wa kesho usiku utakuwa wa kuhadithiwa.

Kazi moja ya maana niliyofanya ni kwenda kwa bibi jirani, ambaye ana miaka themanini na kitu na anaishi na paka wa kijivu, kumfundisha kufungua mlango wa gereji kwa mkono. Juu ya reli inaning'inia kamba nyekundu. Ukiivuta kwa nguvu mota inaachia na mlango unakuwa mzito lakini wako. Kwenye moto wa mwaka 2017 kuna watu walishindwa kutoa magari kwa sababu umeme ulikatika nao hawakuijua kamba hiyo. Tangu Julai mwaka huu sheria ya jimbo inataka mota mpya ziwe na betri. Ya bibi ni ya zamani. Alivuta mara tatu, ya tatu ikaachia. Akacheka, kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Gari silitoi," akasema. "Macho yangu ya usiku yamekwisha. Nitapanda lako."

Jumamosi, 26 Oktoba. Windsor hadi Petaluma

Amri ya kuhama imekuja asubuhi: Healdsburg yote na Windsor yote, muwe mmeondoka saa kumi jioni.

Hapa lazima niseme kwa nini hakuna aliyebisha. Usiku wa Oktoba 8, 2017, upepo kama huu uliusukuma moto wa Tubbs kutoka karibu na Calistoga hadi ndani ya Santa Rosa kwa saa chache. Uliruka barabara kuu ya 101, njia zake zote, ukala mtaa wa Coffey Park nyumba kwa nyumba. Watu 22 walikufa na wengi waliamshwa na moshi. Safari hii wakubwa wameamua kuwahamisha watu kungali mchana, na watu wameamua kuhama. Magari ya sherifu yalipita na king'ora kipya cha sauti mbili, juu na chini, juu na chini, kilichotengwa kwa ajili ya amri ya kuhama tu. Kaskazi alikiitikia kwa kubweka, kwa sauti moja.

Bibi alikuja na sanduku dogo, picha ya harusi yake ndani ya foronya, na kizimba cha paka. Kukawa na mjadala wa nani akae wapi. Paka mbele miguuni mwa bibi, mbwa nyuma, kati yao mto. Kwa nusu saa ya kwanza paka alitoa mlio kama birika, na mbwa wangu, mchunga kondoo, mla wageni, alikaa ameegemea mlango wa nyuma bila kupumua.

Kutoka Windsor hadi Petaluma ni mwendo wa dakika 30. Leo tumetumia saa tatu na robo. Watu walikuwa wapole, hakuna honi. Mbele yetu trela la farasi, nyuma yetu familia yenye magodoro juu ya gari, yamefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Walikuwa majirani wa mtaa wa pili. Tulipokuwa tunatoka, baba mwenye nyumba aliteremsha kioo akaniuliza naelekea wapi, nikamwambia viwanja vya maonyesho vya Petaluma, wanapokea na wanyama. Akasema, "Basi nafuata kibao chako, hakipotei." Ndivyo ilivyokuwa. Kila nikitazama kioo, magodoro yapo.

Viwanjani pamejaa: kuku, mbuzi, kasuku mmoja, watu kwenye viti vya kukunja. Marekani ilijifunza kwa kimbunga Katrina mwaka 2005, pale watu walipokataa kupanda mashua za kuokolewa bila mbwa wao, wengine wakafa nao. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria inayozitaka serikali za majimbo na za mitaa ziwaweke wanyama wa nyumbani kwenye mipango yao ya dharura. Kwa hiyo mtu wa mapokezi aliandika jina langu, akaandika jina la mbwa, akaomba kadi ya chanjo, na hakushangaa lolote.

Bibi amepata kitanda ndani. Mimi na Kaskazi tunalala garini. Saa mbili usiku nasikia mtu anagonga buti, si dirisha, buti, kwa vidole. Nikashuka. Mwanamama amejifunga leso juu ya koti la baridi, tochi ya simu ameielekeza kwenye kibao.

"Kaskazi!" akasema. "Mwenye gari hili ni wa wapi?"

"Tanga."

"Mimi Mombasa, Mji wa Kale. Nalea wazee, tumewaleta kwa basi tangu saa nane." Akaisoma tena, herufi kwa herufi, kama mtu anayehesabu chenji. "Sasa wewe ndugu yangu. Kaskazi ndiyo inayotukimbiza usiku huu, nawe waitembeza kwa gari?"

Nikamwambia ni jina la mbwa. Akamulika ndani, akaona macho mawili, akarudi nyuma hatua mbili. "Yaani kuna na jingine humo!"

Tulicheka hadi mtu wa trela akatutazama. Aliniachia vitumbua vitatu kwenye karatasi ya jikoni. Aliviokota mezani akiambiwa ondoka, akaacha albamu ya picha. Lakini alipokwenda, maneno yake yakabaki. Miaka mitatu najivuna na kibao hiki, na sikuwahi kulinganisha. Upande ni ule ule. Ukisimama Windsor au Tanga, zote mbili zinakupiga shavu moja ukitazama kaskazini. Ila yetu imepita juu ya bahari na hii imepita juu ya jangwa.

Jumapili, 27 Oktoba. Petaluma, Vallejo, San Francisco

Umekuja usiku wa manane. Kwanza vikombe vya karatasi vilibingirika uwanjani, kisha mabati ya banda la ng'ombe yakaanza kupiga, kisha gari lenyewe likawa linatikiswa kama kuna watu wanalisukuma litoke matopeni. Kaskazi hakubweka. Alipanda kiti cha mbele, akaweka kichwa mapajani mwangu, na kila nikimgusa tukapigana shoti. Redio ilisema kwenye vilima vya juu ya Healdsburg umepimwa upepo wa ghafla wa maili 93 kwa saa, karibu kilomita 150. Waliohamishwa wamefika watu kama 180,000, mpaka wa Bodega Bay, ufukweni. Hospitali mbili za Santa Rosa zimetoa wagonjwa usiku.

Asubuhi bibi akasema ana binti Vallejo. Sawa, twende. Barabara ya 37 inapita kwenye vinamasi vya ghuba ya San Pablo, maji huku na huku, na nikafikiri, hapa angalau hakuna cha kuungua. Nilikuwa sijamaliza kufikiri nikaona moshi mbele, mahali pasipotakiwa kuwa na moshi. Moto mwingine kabisa. Umewaka Glen Cove, upande wa kusini wa Vallejo, na ukaruka mlango-bahari wa Carquinez. Umeruka maji. Vinga vilibebwa na upepo hadi vilima vya Crockett ng'ambo, na barabara kuu ya 80 ikafungwa kwenda na kurudi.

Bibi alitazama moshi, akatazama paka, akasema, "Binti yangu anakaa upande wa huku." Kweli alikaa upande wa huku, karibu na 37. Alikuwa mlangoni na pijama. Bibi alishuka na foronya yake, kisha akarudi dirishani, akaingiza mkono, akampapasa Kaskazi, akapigwa shoti, akasema neno ambalo sikutarajia kulisikia kutoka kwa mtu wa umri ule.

Nikabaki na mbwa. Kurudi nyuma hadi Novato, kisha kusini. Marin yote giza mchana: kampuni ya umeme imezima nyaya ili zisidondoshe cheche, akaunti zaidi ya laki tisa kaskazini na katikati ya California. Mataa ya barabarani yamekufa. Kila makutano watu wanasimama, wanapungiana mikono, mmoja anapita. Sheli zimefungwa kwa sababu pampu ni za umeme. Simu ikaonyesha alama ya msalaba. Nilikuja kusikia kwamba zaidi ya nusu ya minara ya simu ya kaunti ile ilizimika. Tanga ilikuwa usiku, na nilijua mama hajalala.

Daraja la Golden Gate halina mtu wa kupokea pesa tangu 2013. Kamera inapiga picha namba ya gari na bili inakufuata kwa posta. Ilipofika zamu yangu, kile kimulimuli kikawaka, nami nikajikuta nacheka peke yangu, nimechoka: kuna mtambo umesoma KASKAZI, na bili yake inakwenda Windsor, mji ambao leo hauna hata paka.

Rafiki yangu wa Pangani anakaa mtaa wa Sunset, karibu na bahari. Mwenye nyumba wake hataki mbwa. Tumekubaliana kwamba gereji si nyumba, kwa hiyo sasa naandika haya kwenye godoro kati ya mashine ya kufulia na baiskeli. Yale niliyomwambia mama Alhamisi yamekuwa kweli. Nilipompata kwa simu ya rafiki, hakunipa nafasi ya kusalimu. Kisha akasema, "Ivumayo haidumu," na nyuma yake nikasikia mtoto wangu anauliza kama mbwa ameungua.

Usiku wameonyesha Windsor. Moto ulifika ukingo wa mashariki wa mji, hadi kwenye nyua za nyuma za nyumba, na zimamoto wakasimama hapo hapo, ua kwa ua, wakaukataa. Nilitambua kona ya barabara ninayopita kila asubuhi na mbwa. Mtu wa zimamoto alikuwa amekanyaga bomba juu ya kopo la taka la buluu. Taka za Jumatatu. Mtu alikuwa amelitoa kabla ya kukimbia.

Jumatatu, 28 Oktoba. San Francisco

Upepo umepungua, moshi umeshuka. Jua rangi ya kiini cha yai la kisasa.

Nimempeleka Fort Funston, juu ya magenge ya mchanga, mahali ambapo mbwa wanaachwa bila kamba. Siku za kawaida upepo pale unatoka baharini na kuna watu wanaruka na mabawa ya kitambaa. Leo hakuna aliyeruka. Kaskazi alishuka mbio hadi majini, akanywa bahari, akatapika, akarudia. Mbwa wengi wa kigeni. Ukiuliza unaambiwa Healdsburg, Windsor, Larkfield. Tulikuwa tumesimama kama wakwe kwenye msiba, mikono nyuma.

Maegeshoni mzee mmoja aliuliza kibao kinasemaje. Nimelijibu swali hilo mara mia na kila mara kwa raha. Leo nikasema, "Jina la mbwa," nikaishia hapo. Ile nusu ya pili, upepo wa kaskazini-mashariki, haikutoka. Unamwambiaje mtu ambaye hajui kama nyumba yake ipo?

Usiku nimefungua tovuti ya ofisi ya magari kuona kama kibao kinaweza kubadilishwa. Kinaweza. Nikaanza kuchezea majina ya pepo nyingine za kwetu. KUSI ni herufi nne, ila ndilo jina la kituo cha televisheni cha San Diego, watanidhani mtangazaji. MATLAI, herufi sita, hata mchoro wa Brosnan ungeingia. Nilikaa na MATLAI kwenye kioo cha simu muda mrefu. Kaskazi alikuwa amelala chali, sikio moja limesimama hata usingizini.

Jumanne, 29 Oktoba

Tahadhari nyingine, upepo mwingine. Los Angeles nako kunaungua. Tumefua nguo.

Jumatano, 30 Oktoba. San Francisco hadi Windsor

Windsor imefunguliwa. Dakika 90 njiani, kama kawaida, na ukawaida wenyewe ulinitisha. Kandokando ya 101 watu wameandika kwa rangi kwenye mashuka ya kitanda, asanteni zimamoto, na kuyaning'iniza kwenye madaraja. Redioni wanasema kwenye Alexander Valley kiwanda kimoja cha mvinyo, Soda Rock, kimebaki kuta za mawe tu, na mbele yake nguruwe-mwitu wa chuma, sanamu kubwa kuliko gari, amesimama vile vile, hana hata mkwaruzo. Watu wanakwenda kupiga naye picha.

Nyumba ipo. Nasema hivyo kwa haraka kwa sababu sijui kuisema kwa namna nyingine. Friji inanuka. Ua una jivu jembamba, na kwenye ngazi nimekuta jani la mti wa mwaloni, zima, jeusi, kila mshipa unaonekana kama ramani ya mito. Limetoka milimani, pengine kilomita nyingi, limeruka likiwaka na kutua limezimika. Nilitaka kumwekea mtoto. Nilipolishika halikuvunjika, lilitoweka. Kidole kikabaki cheusi.

Kaskazi alizunguka nyumba mara tatu akinusa kila kona, akaweka sahihi yake kwenye kopo la taka la buluu, akanywa maji bakuli zima. Pua ina unyevu. Upepo umegeuka, unatoka baharini, una harufu ya ukungu.

Jioni nimechukua ndoo na kitambaa kuosha gari. Jivu likichanganyika na maji linakuwa kama chokaa, linateleza. Nilianza na vioo, kibao nikakiacha mwisho. Nyuma ya gari nzima ilikuwa ya kijivu na herufi zilikuwa zimejaa, hazisomeki ila K ya kwanza. Nikaosha. Nilikuwa nimechuchumaa hapo, mikono miwili mieusi, simu ikalia. Tanga kunapambazuka.

"Umefika?"

"Nimefika, mama. Nyumba ipo."

"Alhamdulillahi." Akanyamaza, nikasikia jogoo wa jirani. "Kaskazi ametulia?"

"Imetulia, mama. Tangu asubuhi haivumi kabisa, sasa ni upepo wa baharini tu, hata..."

"Mbwa, mwanangu. Nauliza mbwa."